Maziwa Yasiyoguswa na Moto

Juzi mke wa mwanangu aliletewa kibuyu cha maziwa na rafiki yake wa kutoka Tana. Alipokizibua tu pale jikoni, ule moshi uliomo ndani ya kibuyu ukatoka ukanikuta mimi chumba cha pili, nimelala na nyonga yangu mbovu. Nyinyi wenzangu mliokulia karibu na ng'ombe mnaujua moshi huo. Kijinga cha mti kinachomwa, kinasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zake zinakuwa nyeusi, ndipo maziwa yanamiminwa. Wengine wakiunusa huwakumbuka bibi zao wakalia. Mimi sikulia. Niliinuka kwa kushika ukuta, nikamnyang'anya mjukuu wangu kikombe alichokuwa ameshapewa, nikakimwaga kwenye beseni la vyombo. Mke wa mwanangu alinuna siku nzima, akawaambia jirani ati uzee umeniingia kichwani. Sikumjibu. Ningemjibu ningelazimika kuanza na Ami Barisa, na nikianza na Ami Barisa siishii kwake.

Basi naanza naye hapa, kwenye karatasi, ambako hakuna wa kuninyamazisha.

Ami Barisa alikuwa kaka mkubwa wa babangu. Waliteremka kutoka Tana ukame ulipowamaliza, wakiwa na ng'ombe tisa waliobaki katika kundi ambalo, kwa maneno yake, halikuwa na mwisho. Wakapata kiwanja Changamwe, nyuma ya uwanja wa ndege, wakajenga vibanda vya mabati na zizi la miti. Majani ya kando ya seng'enge ya uwanja hayakuwa ya mtu, kwa hivyo yakawa yetu. Ng'ombe walilisha pale, ndege zikiwapita juu ya vichwa, wala hawainui shingo. Mimi niliamini kabisa kwamba zile ndege zinashuka kuja kuwatazama ng'ombe wetu, na kwamba wale wazungu waliomo ndani wameambiwa habari za Diima. Diima ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mwekundu mtupu, na jina lake maana yake ni hiyo hiyo, mwekundu.

Mamangu hakuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa Mdigo wa hapa Likoni, mtoto wa wauza nazi. Babangu alimpata alipokuwa akifanya kibarua bandarini, akamvusha ng'ambo na kumpeleka Changamwe kwa kaka yake. Baba alikuwa mpole. Watu walimsifu kwa upole huo. Mimi niliyemjua nasema hakuwa mpole, alikuwa mtu wa kumtazama kakaye mdomoni kwanza ndipo ajue yeye mwenyewe anafikiri nini.

Kwa Ami Barisa kulikuwa na sheria moja iliyozipita zote: maziwa hayawekwi motoni. Alituambia maziwa na kiwele ni kitu kimoja hata vikishatengana. Ukiyachemsha maziwa, kule zizini kiwele kinaungua. Ng'ombe anakauka, au anatupa ndama. Hakuwa akitutisha. Alisema kama mtu anavyosema mvua inalowesha. Tulikunywa maziwa yakiwa na joto la ng'ombe mwenyewe, povu likitukaa juu ya mdomo, na yaliyobaki yakaenda vibuyuni na kwenye madebe ya kuuzwa Magongo, kwenye mkahawa wa mtu mmoja aliyekuwa akiyasifu kwa wateja kwamba ni maziwa halisi. Mamangu hakuyaweza. Kwao maziwa yalichemshwa, na kwa kuwa hapo hayakuchemshwa, akanywa turungi miaka yote hiyo, chai kavu asubuhi na jioni, na Ami akimcheka kwamba shemeji yake anakunywa maji ya kufulia.

Siwatukani wafugaji. Wengi wao leo wanachemsha, na wengine walikuwa wakichemsha hata wakati ule. Namtukana mmoja.

Kuna siku alikuja daktari wa mifugo wa serikali, Daktari Kioko, mtu wa bara, mfupi, viatu vimejaa kinyesi cha ng'ombe mpaka kwenye kamba. Aliwatoa ng'ombe damu shingoni, mmoja mmoja, akaitia kwenye vichupa. Baada ya wiki kadhaa akarudi na karatasi. Mamangu alikuwa anafua. Wanawake wengine walikuwa wakisugua madebe. Hakutuambia kitu, hata salamu alitupa akiwa anapita. Alimchukua Ami Barisa kando mpaka kwenye seng'enge, wakasimama wao wawili. Mimi nilikuwa kwenye kivuli cha zizi la ndama nikiwatazama. Daktari alimwonyesha Diima kwa kidole, kisha akaonyesha karatasi, kisha Diima tena, na ng'ombe wengine wawili. Ami alikuwa akitikisa kichwa. Nikajua anataka kumnunua Diima na Ami anamkatalia. Nilijisikia fahari mno. Nilimkimbilia Diima nikamwambia sikioni kwamba haendi kokote.

Ami aliporudi wanawake wakamuuliza karatasi imesema nini. Akasema, "Wazima wote. Daktari amewasifu."

Hilo ni la kwanza. Liwekeni.

Muda si mrefu mamangu akawa na mimba. Nilikuwa mtoto wake pekee; wawili walionifuata hawakukaa. Kliniki walimfunua kope za macho, wakamwambia damu imepungua, ale mboga, ale maini, anywe maziwa. Alirudi akakaa kizingitini kwa muda, kisha akaniita.

"Mwanasiti."

"Abee, mama."

"Nichemshie maziwa kidogo, mwanangu. Kikombe kimoja. Na usimwambie mtu."

Nikamwambia Diima ataungua. Akacheka kwa kuchoka, akasema moto wa jikoni haujui njia ya zizini. Basi nikayachemsha. Sikuwa nimewahi. Sikujua kwamba maziwa hukaa kimya, kimya, halafu yanapanda yote kwa pamoja. Yalifurika yakaingia kwenye makaa, ukatoka moshi na harufu ya kitu kilichoungua, na mimi nikaisikia harufu ile kama ya ngozi. Ngozi ya nani, sikuhitaji kuambiwa. Mama alikunywa akafurahi. Kwa siku tatu hivi nilimchemshia, na kila siku nilitoka mbio kwenda kukitazama kiwele cha Diima kama kina malengelenge.

Siku ya nne Diima akatupa ndama.

Alikuwa amebakisha miezi miwili kuzaa. Tulimkuta ndama asubuhi kwenye matope ya zizi, ameumbika kila kitu, kope anazo, kwato laini kama sabuni iliyolowa. Watu walipokwenda kumwita Ami nilibaki peke yangu naye. Nilipiga magoti nikamshika sikio, likiwa na utelezi, nikamwambia anisamehe. Nikajifuta mikono kwenye gauni. Nayasema haya kwa sababu madaktari wameniambia mkono ule ulitosha kuniambukiza, hata kama nisingekunywa tone.

Ami hakumtazama ndama sana. Alitazama, halafu akaanza kutembea kibanda hadi kibanda, akiinama kwenye majiko. Kwetu akachokora majivu kwa fimbo, akatoa kipande cha kaa chenye utando mweusi wa maziwa yaliyogandia. Akakitoa nje, akakiinua watu wote wakione.

Mimi nilifungua mdomo niseme ni mimi. Wallahi nilifungua. Mama alinitangulia. Akasema, "Ni mimi, shemeji. Nilisikia kizunguzungu, nikachemsha kikombe." Ami akamwambia, hakupaza sauti hata kidogo, "Umekula ndama wangu ili ulee wako." Kisha akamgeukia babangu amwambie mkewe neno. Babangu akatazama viatu vyake. Hilo ndilo neno alilosema.

Sasa fikirini. Mtu yule ana karatasi ndani ya sanduku lake inayosema Diima ni mgonjwa. Anajua kwa nini ndama amekufa, maana ameambiwa kwa kidole, amesimama kwenye seng'enge. Na ameshika kaa mkononi anamwonyesha mwanamke mja mzito mbele ya jamaa zake. Wengine hunishauri nimuombee maghufira kwamba aliamini mila. Mila aliamini, sikatai. Lakini daktari pia alimsikia. Alichukua kile kilichomfaa siku ile.

Tangu hapo hakuna aliyekaa na mamangu. Wanawake walichota maji kabla yake, ili asiguse ndoo kwanza. Mke wa Ami alimtania kila akipita, "Shikeni sufuria zenu, mpishi wa viwele huyo anakuja," wakacheka. Mama hakulia, akazidi ukaidi. Wiki ile ile, Ami alipowatoa ng'ombe kwenda malishoni, akaniita tena, akanipa kikombe cha bati.

"Nichemshie, Mwanasiti. Upande wa nyuma, karibu na ukuta. Usiyaache yafurike."

"Mama, Diima…"

"Diima amekwisha kutupa. Mimi ndiye niliyebaki."

Nilichukua kikombe. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikachuchumaa, nikakaa na kikombe mikononi muda mrefu. Nilikuwa na mama upande mmoja na ng'ombe tisa, wenye mimba na wasio na mimba, upande wa pili, na kwa akili zangu roho zao wote zilikuwa kwenye kijiti kimoja cha kiberiti. Hapo ndipo nilipopata werevu wangu. Sheria ya Ami ilisema moto usiyaguse maziwa. Haikusema maji ya moto. Nikachemsha maji kwenye sufuria, nikayaepua, nikakitia kikombe cha maziwa ndani ya yale maji, kikasimama humo kama mtoto anayeogeshwa beseni. Baada ya muda maziwa yakapata joto, vuguvugu la kunyweka. Nikatia sukari nyingi na iliki nne nilizozisaga kwa jiwe. Moto haukuyagusa. Mama atakunywa ya moto, ng'ombe hataungua. Sijawahi maishani kujiona nina akili kama siku ile. Hata nilipojifungua mwanangu sikuwa na furaha kama ile niliyokuwa nayo nikikipeleka kikombe kile.

Mama alikunywa, akalamba iliki. Akauliza, "Mbona hayana utando?"

"Nimeutoa, mama. Ungekutapisha."

Akanishika kidevu. Akasema mtoto wangu ana akili.

Nilifanya hivyo kila siku, mwezi mzima na zaidi. Na maziwa nilichota kwenye kibuyu cha Diima, kwa sababu mwenyewe alinidai, nilihisi hivyo. Nilitaka ajue kwamba safari hii namlinda.

Homa ikaanza kidogo kidogo. Mama anaamka mzima, saa za alasiri anatetemeka, anatoka jasho mpaka shuka inakamulika, asubuhi mzima tena. Wakasema malaria, akameza dawa za malaria. Kiuno kikamuuma akawa hawezi kuinama kwenye beseni. Mke wa Ami akasema ni deni la Diima linalipwa. Mimi pia nilishikwa na homa, lakini yangu niliificha, kwa sababu nilidhani ni adhabu yangu ya zile siku tatu za mwanzo, na nilitaka niimalize nisije nikadaiwa tena. Dawa yangu ilikuwa kumzidishia mama maziwa. Vikombe viwili badala ya kimoja.

Mtoto akatoka mimba ikiwa ya miezi sita, hana uhai. Mvulana. Ilikuwa mchana, ndege zikipita. Mjomba wangu wa Likoni ndiye aliyekuja na teksi kumpeleka mama hospitali, baba alikuwa ameenda kumuuliza kaka yake kama inafaa.

Nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda chake siku nyingi, na mimi mwenyewe wakanipa kitanda baadaye. Siku moja muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, alikuja na majibu ya damu. Akamuuliza mama kama nyumbani wanafuga. Akasema ni homa inayotoka kwa ng'ombe, inapita kwenye maziwa, na ng'ombe mwenye nayo hutupa ndama. Kisha akauliza, "Mnakunywa maziwa bila kuchemsha?"

Mama akasema, "Wao, ndiyo. Mimi yangu huchemshiwa na huyu binti yangu. Hajakosa hata siku moja."

Muuguzi akanitazama akatabasamu. Akasema basi labda mama aliipata kwa kuosha vibuyu, au kwa kushika kondo la ng'ombe. Alikuwa akiandika. Mimi nikamuuliza, sijui sauti niliitoa wapi, "Na yakipashwa kwa maji ya moto?"

"Hapana, mwanangu," akasema, bado anaandika. "Mpaka yapande juu."

Hakujua ameniambia nini. Mama naye hakujua. Alikuwa amefumba macho.

Tulipotolewa, mjomba alitupitisha Changamwe kuchukua nguo. Siku hiyo hiyo Daktari Kioko alikuwa pale. Hospitali walikuwa wamempelekea habari. Safari hii hakwenda kwenye seng'enge. Alisema palepale uani, wanawake wote wanasikia.

"Mzee Barisa, mimi si nilikwambia? Si nilikuonyesha hao watatu, nikakwambia watolewe, na maziwa yote yachemshwe?"

Ami akasema ndiyo, aliambiwa, na alisikia. "Wewe una mshahara, daktari. Mimi nina ng'ombe tisa. Ukiwatoa watatu unaniacha na nini? Nikiwaambia hawa wachemshe, kesho Magongo yote inajua kwamba ng'ombe wangu ni wabovu."

"Na huyu mama?"

Ami akamtazama mamangu, aliyekuwa amesimama kwa kujishikilia bega langu. Akasema, "Huyu alikuwa akichemsha. Basi ilimsaidia nini?"

Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningesema, hakuchemshiwa, nilimdanganya, kwa sababu yako. Ungesema lile neno la daktari siku moja tu, mimi ningechemsha. Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwangu, na mtu pekee ambaye lingemvunja zaidi ya Ami alikuwa ameniegemea. Nikalimeza. Ami akabaki na neno la mwisho, na mimi ndiye niliyempa.

Diima, Ami alimuuza. Hakumpeleka machinjoni kama alivyoamriwa, alimtoa kupitia kwa dalali wa Kongowea akaenda kwa mjane mmoja wa Kisauni aliyetaka ng'ombe wa maziwa wa kulelea watoto. Nilisikia hivyo kwa mwana wa Ami mwenyewe, akieleza kama hadithi ya ujanja wa babake. Huyo mjane simjui. Watoto wake siwajui. Nawafikiria.

Majina ya wenye hatia basi ni haya. Barisa, aliyejua. Mkewe, aliyecheka. Babangu, aliyetazama viatu. Mwenye mkahawa wa Magongo, ambaye daktari alimwendea pia na akaendelea kununua. Na Daktari Kioko, ndiyo, huyo pia, ingawa watu humsifu kwa kusema kweli uani siku ile. Aliisema kwa kuchelewa. Mara ya kwanza alimwambia mwenye ng'ombe, akatupita sisi tuliokuwa tumeshika vibuyu. Hatua kumi zilimshinda.

Mama alirudi Likoni na mimi, hakuolewa tena, hakuzaa tena. Mimi homa ilinirudia miaka, ikanitoa shuleni darasa la nne, ikanikaa nyongani, na humo imo mpaka leo. Ami Barisa alizeeka vizuri. Alikaa safu ya mbele msikitini, na alipokufa watu walijaa.

Mama alikufa mwaka jana. Alikuwa amelala chumba hiki nilalacho sasa, na jirani waliokuja kumtazama aliwapa hadithi ile ile, kwamba wote kule Changamwe walimtupa, mumewe alimtupa, akabaki na mtoto mmoja tu aliyekuwa akijificha nyuma ya ukuta kumchemshia maziwa. Wao wakinitazama, na mimi nikiwatilia chai.

Siku mbili kabla hajatutoka nilifunga mlango. Nilikaa chini, nikaushika mguu wake, nikamwambia, "Mama, niwie radhi."

Nilikuwa nimejipanga aniulize ya nini. Miaka yote nilijua akiniuliza nitasema, kikombe, sufuria, iliki, yote.

Hakuuliza. Alisema, "Wewe una lipi la kuwiwa radhi? Si ndiye uliyenichemshia." Akaweka mkono kichwani pangu akaisoma radhi yake, yote, taratibu, dunia na akhera, mpaka mwisho. Nami nikaitikia amin. Radhi ile alimpa mtoto mwingine, yule aliyechemsha.